Mdomo wa Pili

Mwenyekiti wetu alikuwa na tabia ya kutia maganda ya ndizi mfukoni. Akila ndizi mkutanoni au njiani, hata akiwa amesimama na mgeni wa kutoka wilayani, ganda halitupi. Analikunja, analitia kwenye mfuko wa kulia wa koti, anaendelea na mazungumzo. Koti lenyewe lilikuwa moja, la kijivu, na mfuko ule ulikuwa umekuwa mweusi kama tako la sufuria. Siku moja nilimuuliza sababu. Akasema njia ya kijiji ni ya watu wote, na yeye hajui nani atapita nyuma yake na mzigo kichwani. Nikaona hilo ni jibu la kiongozi, nikaliandika. Baada ya mwezi nikamkuta bandani anamlisha mbuzi wake maganda yale yale. Kwa hiyo sijui. Huenda yote mawili ni kweli, nami nayaacha yote mawili.

Nilikuwa katibu wake wa kijiji katika miaka ya ujamaa. Kijiji chetu kiko juu kidogo ya Mkuyuni, barabara ya Matombo inapita chini yake na mlima unaanza nyuma ya nyumba za mwisho. Elimu yangu ni darasa la nne la misheni, na nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko tu. Tangu siku hizo nina mazoea ya kuandika mistari michache kila jioni: mvua, mgonjwa, nani kasema nini. Sasa nasikia vijana wanamtaja Mwenyekiti kama simba, na wazee wengine wanamtaja kama mtu aliyewavunjia nyumba. Wote hawadanganyi. Ndiyo maana nimeona niandike, ingawa sina hakika kama mimi ndiye ninayestahili kuandika. Sababu ya shaka hiyo itaonekana mbele.

Wanaosema alikuwa hana woga wanakosea. Aliogopa sindano kiasi kwamba daktari wa misheni alimfuata nyumbani. Aliogopa radi. Aliogopa daraja la gogo lililokuwa kwenye kijito cha kupandia mlimani. Kila tulipovuka alinishika shati kwa nyuma, kwa vidole viwili, na tukifika ng'ambo anaachia haraka na kuanza kunieleza habari za mbolea, kana kwamba mazungumzo hayakukatika. Mara moja nilisimama katikati ya gogo kwa makusudi. Akaniambia kwa upole sana, "Katibu, mimi na wewe tuna vikao vingi bado."

Zaidi ya yote alimwogopa mama yake. Kwetu Waluguru ardhi na ukoo, yaani lukolo, hupitia kwa mama, na bibi yule ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wao. Mwenyekiti aliyewahi kumkatiza mkuu wa wilaya mbele ya watu, akiitwa na mama yake alikuwa anafunga vifungo vya koti kwanza.

Na hapo naingia kwenye jambo ambalo nisipolisema nitakuwa nimempendelea. Ilipokuja Operesheni, tulipoambiwa watu wote wa juu mlimani washuke wakae pamoja kandokando ya barabara, Mwenyekiti ndiye aliyetushusha. Alianza na mama yake. Alipanda mwenyewe juu ya paa, akang'oa nyasi kwa mikono, na bibi alikaa uani juu ya kinu alichokilaza, vumbi la paa linamwangukia kichwani. Watu walipoona hivyo wengi walivunja zao bila kusukumwa. Wasiotaka walisukumwa. Mzee mmoja alishika mwimo wa mlango wake akakataa kutoka, na Mwenyekiti alimzaba kofi. Mzee yule alikuwa mjomba wangu. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika orodha ya majina, nikaweka alama penye jina lake.

Bibi aliishi huku chini miaka yake iliyobaki, katika nyumba ya matofali ya udongo aliyojengewa na mwanawe. Kila asubuhi, wageni wawepo wasiwepo, alimuuliza, "Baba, leo ndiyo tunarudi nyumbani?" Naye alijibu kila asubuhi, "Bado, mama." Sikuwahi kumsikia akichoka kujibu. Nilichosikia ni sauti inavyopungua.

Kosa tulilofanya hatukuliona upesi. Tulipohamisha watu kutoka kule juu tulihamisha pia moshi, mbwa, wanawake wanaokwenda kisimani, watoto wanaotumwa kuni. Mlima ukabaki hauna jicho. Haikupita misimu miwili wakaja wapasua mbao.

Hawakuja kama wezi. Walikuja wachache, na misumeno mirefu ya watu wawili, wakasema wana kibali. Wakachimba mashimo ya kupasulia juu kabisa, kwenye mikangazi na mivule ambayo babu zetu hawakuigusa kwa sababu maji yote ya chini yanatoka pale. Mwenye kazi ile alikuwa mtu mmoja wa mjini, mtaa wa Mwembesongo, ambaye hatukumjua uso. Tulimjua kwa lori lake. Lilikuja siku za gulio Mkuyuni, mbao zinapangwa chini, mikungu ya ndizi inapangwa juu, likaondoka. Tulimwita Mwenye Lori na hatukuwa na jina jingine.

Kwa haki niseme vijana wetu waliibeba mbao ile kwa hiari mwanzoni. Duka la kijiji lilikuwa na kiberiti na chumvi, basi. Wale watu walilipa kwa sabuni, sukari, na khanga. Mke wangu alipata khanga mpya mwaka ule kutoka kwa mdogo wake mbebaji, na mimi sikuuliza imetoka wapi. Nilisema imempendeza, na kweli ilimpendeza.

Halafu hiari ikaisha. Kijana aliyesema amechoka alipigwa bapa la panga mgongoni mbele ya wenzake. Bwana misitu alipopanda kuuliza kibali alirudishwa na mkono uliovunjika sehemu mbili, na wiki iliyofuata alihama na familia yake bila kuaga. Walikuwa na mapanga na gobore moja, na walikuwa na mpango: mmoja kijijini wa kusikiliza, mmoja barabarani wa kutazama, na wa juu wa kupiga. Aliyekuwa wa kusikiliza alikuwa mwenzetu, mzaliwa wa hapa hapa. Yeye nitamwita Mtani, kwa sababu ukoo wake na ukoo wa Mwenyekiti zilikuwa koo za utani tangu enzi, na kwa sababu hivyo ndivyo Mwenyekiti alivyomwita mpaka mwisho.

Naye Mtani nimwandike kwa haki. Alikuwa mcheshi kuliko watu wote wa bonde letu. Alimuuguza dada yake mwenye kifafa miaka mingi pasipo kulalamika. Msibani alikuwa wa kwanza kushika jembe. Nikisema alikuwa mtu mbaya tu, kuna watu watanicheka.

Kobelo alikuwa mkulima wa maharage. Magogo yalikuwa yanaburutwa katikati ya shamba lake la zamani kule juu, ambalo alikuwa bado analilima. Alilalamika mara ya kwanza, wakamcheka. Mara ya pili alikuja kwa Mwenyekiti akataja majina. Siku ya nne baada ya hapo alipanda shambani alfajiri na hakurudi. Tulimkuta ndani ya shimo la zamani la kupasulia, amefunikwa unga wa mbao mpaka kifuani, kama mtu aliyetiwa kwenye ghala.

Asubuhi ile aliyopotea Kobelo, Mwenyekiti alikuwa upande wa pili wa kijito, anatafuta mbuzi. Aliona watu watatu wanateremka kutoka kwenye mashimo, na wa mwisho alikuwa Mtani.

Mimi nami niliwaona. Nilikuwa natoka shamba langu la juu na mkungu wa ndizi. Nikasikia hatua, nikaingia katikati ya migomba. Kulikuwa na ukungu. Walipita hatua kama kumi na tano mbele yangu, na wa mwisho alikuwa ameshika nyengo, lile panga letu lililopinda ncha, mpini wake umezungushiwa mpira mwekundu. Nyengo yenye mpira mwekundu ilikuwa moja tu kijijini, na ilikuwa ya Kobelo. Jioni niliandika jina la Mtani katika daftari. Kisha nikaandika chini yake: huenda aliazimwa.

Mwenyekiti alikwenda mjini kutoa taarifa. Afande aliyempokea alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba mtu mmoja, ng'ambo ya kijito, kwenye ukungu, mahakama haitamshika mtu kwa hilo. Alete shahidi wa pili. Kwa haki, afande yule hakusema uongo. Mwenyekiti alirudi na neno hilo, akalifanya wimbo.

"Mdomo mmoja ni kikohozi," alisema. "Midomo miwili ni neno."

Alilisema mkutanoni. Alilisema kwenye mlango wa kanisa watu wakitoka misa. Alilisema gulioni katikati ya wauza mananasi. Alikuwa na ubaya huo: akishika jambo haliachi mpaka watu wanachoka, na wakichoka anadhani hawakusikia, anaongeza sauti. Vijana wabebaji wakaanza kumkoholea. Anapita, mmoja anakohoa, wa pili anakohoa, kicheko. Yeye anasimama, anawageukia, anawaambia, "Pole. Nendeni misheni mkapate dawa," na anaendelea na njia. Siku nyingine alicheka nao. Lakini nilikuwa nyuma yake mara nyingi, na shingo yake niliiona.

Kila aliposema maneno yale mkutanoni, alikuwa ananitazama. Nilidhani ananitazama kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kitabu cha mukhtasari.

Alipoona hakuna anayesimama, alifanya jambo ambalo mpaka leo sijui niliite ushujaa au ukaidi. Alipanda mlimani peke yake asubuhi, akafika kwenye shimo lililokuwa na kazi. Gogo lilikuwa limelazwa juu ya shimo, tayari, mpasuaji mmoja juu na mmoja chini. Akawasalimu. Akapanda akaketi juu ya gogo, katikati, akatoa ndizi. Huwezi kupasua gogo ambalo mtu amekalia. Walimwambia ashuke. Akasema amechoka, anapumzika, mlima ni wa kijiji na yeye ni mzee wa kijiji. Alikaa mpaka jua lilipoegemea, akarudi na maganda yake mfukoni. Kesho yake akapanda tena. Siku ya pili walimwekea gobore karibu na sikio. Siku ya tatu walimmwagia unga wa mbao kichwani, ndoo nzima, na akarudi kijijini hivyo hivyo, mweupe kama mzimu, akapita kati ya nyumba bila kujifuta. Watu waliokuwa nje waliingia ndani. Mimi pia niliingia, nikatazama kwenye upenyo wa dirisha.

Siku ya nne hakupanda, kwa sababu mama yake alifariki.

Asiyejua utani wetu atashangaa na haya. Msiba kwetu hauendi bila watani. Wao ndio wanaochimba kaburi, na wao ndio wanaoleta kicheko: watalala kwenye jeneza wakidai nafasi, watavaa nguo za marehemu, watamwiga alivyokuwa anatembea. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika hutozwa jogoo. Ndivyo tunavyopata kupumua. Na lolote alilolisema mtani msibani haliendi barazani. Hilo tulizaliwa tukalikuta.

Mtani alikuja mapema, akachimba kwa bidii kuliko wote. Kabla ya hapo alikuwa amekata ufito akampima marehemu, maana kaburi hupimwa kwa ufito. Alipotoka ndani, uani kumejaa watu, alimwendea Mwenyekiti aliyekuwa ameketi mkekani, akamwambia anyooke. Mwenyekiti akanyooka. Mtani akamlazia ufito kuanzia utosini mpaka kisiginoni, taratibu, huku amekunja uso kama fundi, akauvunja pale urefu ulipoishia.

"Mtani wangu huyu ni mfupi," akawaambia watu. "Tumchimbie kabisa leo, kazi iwe moja. Si anapenda kukaa juu ya mashimo?"

Tulicheka. Naandika tulicheka kwa sababu nami nilicheka, tena wale waliokuwa karibu nami waliniangalia kwa jinsi nilivyocheka. Siku tatu tulikuwa na hofu na huzuni, na hapa kulikuwa na mtani anafanya kazi yake. Ungeapa ni utani tu. Mtani alikwenda akauchomeka ule ufito mlangoni kwa Mwenyekiti, akanawa mikono, akaenda kuchimba. Mwenyekiti alitabasamu kama desturi inavyotaka. Sikuona hata mmoja wetu aliyetazama mikono ya Mwenyekiti.

Baada ya siku za matanga aliitisha mkutano. Aliuweka ule ufito juu ya meza, mbele yangu, juu ya kitabu changu. Akasema kila mtu aliyekuwepo alisikia. Akasema anaomba mtu mmoja tu, aliyeona chochote siku ya Kobelo, asimame. Alingoja. Sijawahi kuona mtu akingoja hivyo. Mzee mmoja wa ukoo alisema kwa heshima kwamba maneno ya mtani hayaletwi barazani, na kwamba Mwenyekiti akitaka kuyaleta atakuwa amevunja utani wa koo mbili. Wengine wakaitikia. Nyuma mtu alikohoa.

Mjomba wangu, yule wa kofi, ndiye aliyesema maneno ambayo nadhani yalikuwa mioyoni mwa wengi. Alisimama na fimbo yake akasema, "Sisi tulipokuwa kule juu tulikuwa na macho. Wewe ndiye uliyetushusha. Leo unatafuta macho?"

Mwenyekiti alisema, kwa sauti niliyoisikia mimi tu, "Hilo ni kweli." Kisha akanitazama. Nikainama, nikaandika: Hakuna aliyesimama.

Walimkata Mwenyekiti siku ya gulio, saa nne asubuhi, jua linawaka, kijiji kizima kiko Mkuyuni. Alikuwa anafunga banda la mbuzi. Walikuwa wawili wenye nyuso zilizofungwa vitambaa. Panga la kwanza lilimpata begani na la pili alilikinga kwa mkono wa kulia, akabaki na kiganja chenye kidole kimoja. Mkewe ndiye aliyepiga yowe, na waliokuja walikuwa vikongwe na wagonjwa, ndio waliokuwepo. Alilala misheni miezi miwili. Sindano alizoziogopa alichomwa zote.

Safari hii wapelelezi walikuja wenyewe mpaka kijijini. Walikaa ofisini kwangu, wakaita watu mmoja mmoja. Nilipoitwa mimi niliulizwa kama siku ya kifo cha Kobelo niliona lolote. Nimeandika jibu langu lilivyokuwa, sikulipamba: "Kulikuwa na ukungu, afande. Sikuona vizuri." Ukungu ulikuwepo kweli. Nilijiambia kwamba kumtaja mtu kwa mpini wa nyengo si haki, kwamba mtu ananyongwa, kwamba nina watoto watano. Nimejipima kwa maneno hayo miaka mingi, na kila mara sehemu ya kwanza inaonekana nzuri zaidi kuliko ilivyokuwa, na ile ya watoto ndiyo ya kweli.

Hakukamatwa mtu. Wala sisi hatukuwafukuza wapasua mbao. Miti mikubwa iliisha, mvua ikala barabara, lori likaacha kuja. Wakahamia upande wa Kisaki, tukasikia, kwenye mambo makubwa zaidi; Mtani alibaki nasi. Kobelo akabaki kuwa habari ya kutishia watoto wasipande peke yao.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa kuchagua viongozi. Nilidhani watu watamwonea haya mtu mwenye mkono ule. Walisimama mmoja mmoja wakasema kijiji kinataka amani, kinataka kiongozi asiye na ugomvi na mtu. Ugomvi, walisema. Mikono ikapanda. Nilihesabu mimi, kwa sababu katibu kazi yake ni kuhesabu, na siku ile nilishukuru kwamba kazi yangu ilikuwa hiyo. Aliposomewa matokeo alisimama, akamkabidhi mwenzake muhuri kwa mkono wa kushoto, akaniomba radhi kwamba hataweza tena kutia sahihi vizuri kwenye mukhtasari. Akaweka dole gumba. Nilitaka kupiga meza. Sijui ningempigia nani.

Miaka ikapita. Vijiji vile vikalegea, watu wakaanza kurudi juu mmoja mmoja bila kuuliza ruhusa. Yeye alikuwa kati ya wa kwanza. Alijenga pale pale palipokuwa na nyumba ya mama yake. Tulikuwa tunaonana gulioni, tunasalimiana, tunaulizana hali. Nilimuuliza kuhusu mbuzi. Sikuwahi kupanda kwake.

Nilipanda mwezi uliopita, baada ya msiba wa Mtani. Mimi nilikuwa nimelala kwa maumivu ya miguu, sikwenda kuzika. Kijito hakina tena daraja, hakihitaji. Unavuka kwa hatua mbili, na viatu havilowi. Nilikuwa na daftari langu la mwaka ule ndani ya mfuko wa nailoni.

Nilimkuta uani, amezeeka, kidevu kimeingia ndani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanionyesha kigoda. Akaniuliza kama bado naandika. Nikasema kidogo. Tukaongea habari za maji. Kisha akaniambia, kana kwamba ni habari ya maji pia, kwamba Mtani amezikwa vizuri.

"Nilikwenda," akasema. "Nani mwingine? Sisi ndio watani wake. Nilimpima mimi. Mtu yule alikuwa mrefu, sikujua. Ufito haukutosha, nikakata mwingine." Akamfukuza kuku aliyekuwa miguuni. "Watu walingoja niseme kitu wacheke. Mzee mzima nimeshika ufito, maneno hayaji."

Hapo nilifungua daftari. Nilimsomea ukurasa wote, ukungu, migomba, mpira mwekundu, jina, na ule mstari wa chini wa kuazimwa. Nikamwambia niliwaona. Nikamwambia ningesema, wangemshika.

Alisikiliza mpaka mwisho. Masikio yake bado mazuri. Kisha akasema, "Nilikuona."

Nikafikiri sikusikia.

"Asubuhi ile. Nilikuwa ng'ambo. Ulikuwa kwenye migomba umejificha, mkungu uko kichwani. Katibu, mtu anajificha na mkungu kichwani?" Akacheka kidogo, akakohoa, akaacha.

Nilimuuliza kwa nini basi hakunitaja. Afande alikuwa anataka jina moja tu. Mkutano mzima alikuwa amenitazama. Nilisikia sauti yangu inapanda, kama mimi ndiye niliyekosewa, na labda nilikuwa na hasira naye kweli.

"Ningekutaja wangekupima na wewe," akasema. "Nilikuwa nangoja ujitaje."

Mkewe alileta ndizi mbivu kwenye ungo. Alikula moja, akakunja ganda, akatafuta mfuko. Koti lile halipo tena. Alikuwa amevaa fulana. Akabaki nalo mkononi.

"Sasa tuko wawili," akasema. "Andika."

Nikamwambia Mtani amekufa, Mwenye Lori hatujui kama yu hai au alizikwa wapi, na ofisi iliyotuuliza sijui kama hata karatasi zake zipo. Akasema hakuniuliza hayo. Basi nikaandika, pale pale juu ya goti, nilichokiona mimi na alichokiona yeye, na jina la Kobelo kwanza. Nikatia sahihi. Hatukuwa na wino wa muhuri. Alichukua masizi kwenye chungu, akapaka dole gumba la kushoto, akalikandamiza kando ya jina langu na kuliacha pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Karatasi ninayo. Nimekwenda nayo Mkuyuni mara mbili na kurudi nayo. Imeandikwa vizuri, ina midomo miwili. Sijui niipeleke wapi.